Amolo Anajiandaa Kwenda Shule

Kila asubuhi Selpha aliwasha jiko la makaa na kuchemsha uji. Kisha alimwamsha binti yake, Amolo. Alimnawisha uso. Alimvalisha gauni na viatu. Alimketisha kwenye kigoda na kumnywesha uji kwa kijiko, polepole, kama mtoto mchanga.

Amolo alikuwa na miaka sita.

"Mama Amolo, huyo mtoto hana mikono?" Gordon, mumewe, aliuliza huku akitafuta kofia yake ya kazi.

"Mwache mtoto wangu," Selpha alijibu.

Selpha alikuwa na sababu yake. Yeye na Gordon waliishi Kisumu, katika chumba kimoja mtaani Manyatta. Gordon alikuwa seremala karibu na soko la Kibuye. Selpha alikaanga samaki na kuwauza kando ya barabara. Amolo alikuwa amelelewa na nyanya yake huko Asembo Bay, kando ya ziwa. Alimwita Dani, jinsi Waluo wanavyomwita nyanya. Lakini mwaka huo, 1989, macho ya Dani yalianza kufifia. Mwezi wa Agosti Gordon na Selpha walimleta Amolo mjini, ili aanze shule mwaka unaofuata.

Selpha alijiona kama mama aliyechelewa. Alitaka kumfanyia Amolo yote ambayo hakumfanyia alipokuwa mdogo.

Ndani ya chumba, Amolo alizungumza na mama yake kwa Dholuo, lugha ya Waluo, kwa sauti ya chini. Nje ya chumba hakusema kitu. Katika ploti yao, vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, waliishi Waluo, Waluhya, Wakisii na Waislamu wa mjini. Watoto walicheza kwa Kiswahili. Amolo hakukijua. Alikaa mlangoni, akashika shavu, akawatazama.

Mwezi wa Novemba, Gordon na Selpha walimpeleka Amolo kuandikishwa katika shule ya msingi iliyokuwa karibu. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole.

"Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili," alisema, akamwonyesha.

Amolo aliiga. Vidole vyake vilifika sikioni.

"Vizuri! Umri umefika. Sasa niambie, unaitwa nani?"

Amolo alinyamaza.

"Unaitwa nani, mtoto mzuri?"

Amolo alificha uso katika gauni la mama yake. Mwalimu akamwonyesha kalamu na kumwuliza ni nini. Amolo alinyamaza. Akamwuliza ana vidole vingapi. Alinyamaza. Halafu maji yakaanza kutiririka kwenye miguu yake, yakaingia kwenye viatu vyake vipya.

Gordon aliangalia paa la darasa. Selpha alipiga magoti na kupangusa sakafu kwa leso yake.

"Msione aibu," mwalimu alisema. "Mleteni tena shule ikifunguliwa Januari. Akiweza kusema jina lake na kuomba ruhusa ya kwenda msalani, nitampokea. Kama bado, ni afadhali akae nasari mwaka mmoja kwanza. Nina watoto wengi darasani. Asiyeniambia shida yake, nitamsaidiaje?"

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Gordon alitangulia mbele. Walipofika mlangoni aligeuka.

"Tulichelewa kumleta," alisema. "Huyu mtoto ni mzito. Lakini nitamfundisha mimi mwenyewe."

Siku iliyofuata alirudi kutoka kazini na kitabu kipya cha alfabeti. Alikuwa pia na rula ndefu ya mbao. Baada ya chakula alimketisha Amolo mezani.

"Sema A."

"A," Amolo alinong'ona.

"B."

"B."

"Sasa sema zote mpaka Z."

Amolo hakujua zote mpaka Z. Gordon alipiga meza kwa rula. Amolo aliruka. Jioni ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Punde si punde, Amolo alianza kutetemeka kila baba yake alipogusa kile kitabu.

Jumapili moja kitabu kilipotea. Gordon alitafuta chini ya kitanda. Alitafuta ndani ya gunia la makaa. Akiwa bado anatafuta, Bi Zeituni alitokea mlangoni. Bi Zeituni alikuwa jirani yao, mama mtu mzima aliyeuza mahamri. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio wake, na mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

"Baba Amolo, usijisumbue," alisema. "Kitabu chako nimekiona. Kimelala ndani ya shimo la choo."

Ploti nzima ilisikia, na ploti nzima ikacheka. Gordon hakucheka. Alichukua rula na kutoka nje. Amolo alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji.

"Baba Amolo, ngoja kidogo!"

Aliyeita alikuwa Nekoye, jirani wa mlango wa tatu. Nekoye alitoka upande wa Bungoma, naye alifundisha watoto wadogo wa nasari. Alikuwa anafua nguo. Alikuja mikono ikidondoka povu, akasimama katikati ya baba na pipa.

"Mwalimu, usiingilie," Gordon alisema. "Mtoto huyu ni mjinga na pia mkaidi."

"Kuwa mkaidi, sawa. Lakini mjinga?" Nekoye alitabasamu. "Hebu fikiria. Amejua ni kitu gani kinamletea shida. Akatafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayeingia kukitoa. Na mahali hapo akapapata. Mjinga angekificha chini ya mto."

Bi Zeituni alicheka tena. Hata Gordon alilegeza mkono uliokuwa umeshika rula.

"Basi kwa nini hajibu akiulizwa?"

"Mnamwuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Na Kiingereza kidogo."

"Na Asembo alikuwa akiongea lugha gani na nyanya yake?"

Gordon aliiangalia rula yake. Jibu alilijua.

"Kesho nitapita pale Mama Amolo anapokaanga samaki," Nekoye alisema. "Na wewe uje saa ya chakula cha mchana. Usilete hiyo rula."

Kesho yake, Amolo alikaa kando ya beseni la mama yake. Kama kawaida, alikuwa akipanga samaki. Ngege aliwaweka upande mmoja. Vipande vya mbuta aliviweka upande mwingine. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyozoea kufanya Asembo.

Nekoye alichutama mbele yake. Aliomba samaki watatu kwa Dholuo. Dholuo yake ilikuwa imevunjika vibaya, na neno la samaki alilitamka kama mtu mwenye kipande cha muhogo mdomoni.

Amolo alimtazama. Kisha akacheka kwa sauti. Akalisema neno lile sawasawa, polepole, ili mwanafunzi huyu mkubwa alisikie vizuri. Nekoye akajaribu tena, akakosea tena. Amolo akatikisa kichwa na kumrudisha mwanzo, kama mwalimu mkali.

Hatimaye alimpa samaki. "Achiel, ariyo, adek," alihesabu. Moja, mbili, tatu. Kisha akasema, bado kwa Dholuo, "Huyu mkubwa ni wa baba. Huyu wa kati ni wa mama. Huyu mdogo ni wa mtoto."

Gordon alikuwa amesimama nyuma ya kibanda kilichokuwa karibu. Alisikia yote.

"Umeona?" Nekoye alimwuliza. "Anajua kuhesabu. Anajua kikubwa na kidogo. Anajua kupanga vitu vinavyofanana. Hiyo ndiyo hesabu ya mwanzo. Anajua hata kufundisha, amenifundisha mimi! Yote hayo yamo kichwani mwake, lakini yamo kwa Dholuo."

"Basi tuache Dholuo nyumbani tuongee Kiswahili tu?"

"Hapana, Bwana Gordon. Msimnyang'anye lugha aliyo nayo. Ongeeni naye Dholuo kwa wingi. Msimulieni hadithi. Mwulizeni maswali na mngoje jibu. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja hupata ya pili haraka. Kiswahili atapewa na watoto wenzake. Kazi yenu ni kumtoa pale mlangoni akacheze."

"Na herufi?"

"Zitakuja. Kidogo kidogo, na kwa furaha. Kitu kinachokuja na kiboko, mtoto hukitupa chooni."

Gordon alikuna kichwa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nekoye alimgeukia Selpha. "Na wewe, Mama Amolo, una kazi ngumu kuliko ya mumeo."

"Mimi? Mimi simpigi."

"Hapana, humpigi. Lakini nani atamfunga viatu shuleni? Nani atamfungulia vifungo akienda msalani? Kuanzia kesho, mwache ajifanyie mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata Selpha aliweka gauni kitandani. "Vaa, nyathina," alisema. Mwanangu, vaa.

Amolo aliingiza kichwa kwenye mkono wa gauni. Akakwama. Akazunguka chumbani kama kuku aliyefunikwa na kikapu. Selpha aliinuka kumsaidia, akajizuia, akakalia mikono yake.

"Leo Mama Amolo amefungwa pingu," Gordon alisema.

Mwishowe gauni likavaliwa, nyuma ikawa mbele. Viatu vikavaliwa, cha kulia mguu wa kushoto. Uji ukapoa. Mwingine ukamwagika. Lakini Amolo alisimama katikati ya chumba akiwa amejivalisha mwenyewe, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Gordon alipiga makofi. Selpha alitoka nje haraka. Nekoye alimkuta penye kamba ya nguo akifuta macho.

"Unalia nini sasa?"

"Nilimwacha kwa mama yangu akiwa anatambaa," Selpha alisema. "Wakati wote huo sikumvalisha, sikumlisha. Sasa nimempata, na wewe unaniambia niache. Akijifanyia yote, mimi nitakuwa na kazi gani kwake?"

Nekoye alimsogelea. Alimshika bega.

"Mama Amolo, mtoto akijivalisha, humtafuta nani kwa macho? Umemwona amemtazama nani pale katikati ya chumba?"

"Mimi."

"Basi kazi yako ni hiyo. Kuwa pale akigeuka."

Selpha alivuta pumzi, akarudi ndani. "Nionyeshe tena," alimwambia Amolo. "Geuka nikuone."

Siku zile za likizo ya Desemba zilikuwa na shughuli nyingi. Bi Zeituni alikuwa na mjukuu aliyeitwa Rehma, wa umri sawa na Amolo. Rehma alikuwa na maneno mengi kama kasuku. Alimshika Amolo mkono bila kuuliza, akamvuta mpaka kwenye kamba ya kuruka. Siku za kwanza Amolo alizungusha kamba tu, kimya. Alisikiliza. Wengine waliruka, wakahesabu, wakagombana.

Kisha jioni moja, mvulana fulani aliruka akakosea, lakini akakataa kutoka. Sauti ndogo ikapaa juu ya kelele zote.

"Zamu yangu!"

Watoto wote waligeuka. Aliyesema ni Amolo.

"Zamu yangu!" alirudia, akakanyaga chini kwa mguu.

Selpha alikuwa anapepeta omena, dagaa wa ziwani. Aliangusha uteo. "Mwalimu Nekoye!" aliita. "Umesikia? Amesema Kiswahili!"

"Na cha kudai haki yake," Nekoye alijibu kutoka ndani. "Hakuna mwanzo mzuri kuliko huo."

Gordon naye alijaribu kusimulia hadithi. "Sina hadithi," alilalamika. "Zile za nyanya yangu nimezisahau."

"Basi mwambie ya kazini," Nekoye alimshauri. "Mtoto hachagui."

Kwa hiyo Gordon alimsimulia Amolo habari za mteja mmoja. Mteja huyo aliagiza kitanda cha mtu mmoja. Kabla hakijakamilika, akaoa. Akarudi kusema kipanuliwe. Kilipopanuliwa, hakikupita mlangoni mwake. Akarudi kuagiza mlango.

"Kwa nini hakupima?" Amolo aliuliza.

"Swali zuri! Angepima na nini?"

"Na kamba."

Kesho yake Gordon na binti yake walipima kila kitu kwa kamba. Walipima kitanda, pipa, dirisha, hata Bi Zeituni.

Gordon alipata pia wazo lake mwenyewe. Alikusanya vipande vya mbao vilivyobaki kazini. Akakata herufi, kila moja kubwa kama kiganja. Akazilainisha kwa msasa mpaka zikawa laini kama sabuni. Hakuleta zote mpaka Z. Alileta tano tu, akazipanga juu ya mkeka: A, M, O, L, O.

"Hili ni jina lako," alimwambia.

Amolo alizipapasa moja moja. Alipofika mwisho alirudi nyuma. Akaichukua O ya kwanza na O ya pili, akazibandika pamoja.

"Baba, hawa ni mapacha!"

"Kweli kabisa."

"Huyu ni Apiyo. Huyu ni Adongo." Ndivyo Waluo wanavyowaita pacha wa kike, wa kwanza na wa pili.

Gordon alicheka. Tangu siku ile hakuna aliyemlazimisha Amolo kusoma. Yeye ndiye aliyezitafuta herufi kwenye mifuko ya unga, kwenye mabati ya vibanda, kwenye masanduku ya sabuni. "Mama, Adongo yuko pale!" alipiga kelele sokoni, na watu wakageuka kumtafuta Adongo.

Wakati wa Krismasi walikwenda Asembo Bay. Wanawake walikuwa wameanika omena kwenye nyavu ufuoni. Amolo aliokota kijiti na kuandika jina lake kwenye mchanga mbichi. Wimbi likaja, likalifuta. Akaandika tena. Dani hakuweza kuona vizuri, kwa hiyo Amolo alimshika kidole na kukipitisha juu ya kila herufi.

"Hili ndilo jina langu, Dani," alisema.

"Ni refu," Dani alisema, akitabasamu. "Ninakusikia pote kwa kidole."

Waliporudi mjini, Nekoye aliwapa shauri jingine. "Mtoto huogopa asichokijua. Mpelekeni aione shule kabla haijafunguliwa."

Mlinzi wa shule, Mzee Ouma, aliwafungulia lango. Uwanja ulikuwa mtupu, na nyasi zilifika magotini. Amolo alichungulia darasani kupitia dirisha. Selpha alimwonyesha bomba la maji, kisha choo cha wasichana.

"Ukibanwa, unamwambia mwalimu nini?" Selpha aliuliza.

"Mwalimu, naomba kwenda msalani."

"Asipokusikia je?"

"Ninasema kwa nguvu." Na akasema kwa nguvu, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye paa. Mzee Ouma akajibu kutoka langoni, "Ruhusa umepewa!"

Januari ilifika. Gordon hakwenda kazini asubuhi ile. Walisimama tena mbele ya yule mwalimu mnene mwenye sauti ya upole. Amolo alimshika mama yake gauni. Kwa muda alitazama chini, na Gordon akaogopa.

"Karibu tena," mwalimu alisema. "Unaitwa nani?"

Amolo alimwangalia mama yake. Selpha aliitikia kwa kichwa tu, kumpa moyo.

"Ninaitwa Amolo. Baba yangu ni Gordon, fundi wa mbao. Mama yangu anauza samaki. Tunakaa Manyatta." Kisha akauliza, "Na wewe unaitwa nani?"

Mwalimu aliweka kalamu chini. Tangu asubuhi alikuwa ameuliza watoto wengi majina yao, na hakuna aliyemwuliza lake.

"Ninaitwa Mwalimu Beldina," alisema, akicheka. "Na sasa mimi ndiye mwalimu wako."

Gordon alimshika mkono mwalimu akautikisa kwa nguvu, kama mtu anayepampu maji. Selpha aliinama kufunga kamba za viatu vya Amolo, akakuta zimefungwa tayari. Basi akamgusa shavu, akamwacha aende. Amolo alifika mlangoni mwa darasa, akageuka. Mama yake alikuwa pale pale. Amolo akapunga mkono, akaingia.

Mchana watoto wa darasa la kwanza waliachiliwa mapema. Selpha alikuwa langoni kabla ya kengele. Watoto walimiminika nje. Amolo alitoka karibu na mwisho, vumbi mpaka magotini, akiwa amemshika mkono msichana mwingine. Macho ya msichana huyo yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Mama, huyu ni Agneta," Amolo alisema. "Alikuwa hajui choo kiko wapi. Nimempeleka. Sasa ni rafiki yangu, na kwao ni ng'ambo ya barabara. Tumsindikize kwanza."

"Haya, twendeni," Selpha alisema.

Wale wawili walitangulia. Waliongea Kiswahili. Kiswahili kilipowaishia waliongea Dholuo, na Dholuo ilipomshinda Agneta walicheka tu, wakaendelea. Selpha alifuata nyuma hatua chache, amebeba mifuko yao yote miwili.